Kidogo Kuliko Kisanduku

Kilichotangulia kuja ni harufu.

Larissa alifungua chumba cha mashine asubuhi kama alivyozoea, na badala ya baridi kavu ya kila siku akakutana na harufu ya tope la shamba la mpunga, lile tope ambalo jua limelipika mpaka likaanza kutoa mvuke, na nyuma yake harufu ya pumba zinazoungua polepole. Akasimama mlangoni. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Kuta zake zilikuwa zimevishwa shaba pande zote ili hata mawimbi ya simu yasipenye. Mashamba ya mpunga yako Bugarama, huko bondeni, mbali na hapa Kamembe. Harufu yake ingepandaje mlima wote huo, ikapita sokoni na stendi, ikaingia ndani ya shaba?

Alimwita Josiane wa mapokezi.

"Uko unasikia kitu?"

Josiane alinusa, akarudi nyuma kidogo. "Kama matope. Pengine ni kile kitambaa cha kudekia, hawakukianika."

Basi wakakilaumu kitambaa cha kudekia, wakaacha mlango wazi upepo uingie, na kazi ikaanza.

Mashine yenyewe ni ile watu wa pande hizi wanayoiita IRM: sumaku kubwa yenye tundu katikati. Mgonjwa analazwa humo, inagonga na kunguruma, na mwishowe inatoa picha ya ndani ya kichwa bila kisu wala damu. Ilikuwa imenunuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine, na kliniki ya Dokta Cubaka ilisimama juu ya jina lake. Watu walitoka Rwimbogo, Mibirizi, Bugarama. Wengi zaidi walivuka mto kutoka Bukavu, na hao walitakiwa kurudi kwao kabla mpaka haujafungwa. Larissa mwenyewe alikuwa mtoto wa Bukavu. Alihamia upande huu na mume wake, Ushindi, mwanamume mpole aliyevusha mchele wa Bugarama kwenda Bukavu na kurudi na vitenge.

Mgonjwa mmoja wa siku hiyo alikuwa Niyitegeka, mwalimu mstaafu wa Mibirizi aliyesumbuliwa na kichwa. Alilala kimya mpaka mwisho. Larissa alipomtoa, mzee alibaki ameketi juu ya kitanda, akiangalia ndani ya tundu.

"Mutoto yangu," alisema kwa sauti ya chini, "ule mama mwenye mulilalisha pembeni yangu, mumufunike. Iko anatetemeka."

"Papa, mulikuwa peke yenu humo ndani."

Mzee alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayedanganya, asitake kumwaibisha. Akavaa viatu vyake akatoka.

Kwenye picha yake palikuwa na alama. Kijisehemu kimoja cha kijivu, mraba, upande wa kulia juu ya sikio, kilichokolea kuliko jirani zake. Larissa alimwonyesha Dokta Cubaka.

"Ni uchafu wa mashini," Dokta alisema. "Kisanduku kimoja tu. Andika haiko kitu."

Hapo inafaa kueleza, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Picha ya IRM si kama ya kamera. Mashine inakigawa kichwa katika visanduku vidogo sana, maelfu kwa maelfu, ambavyo wataalamu wanaviita vokseli, na kila kisanduku inakipa rangi moja tu. Chochote kilichomo ndani yake, nyama nzima na nyama mbovu, maji na damu, kinachanganywa kuwa kijivu kimoja. Kitu kikiwa kidogo kuliko kisanduku, kinamezwa. Ni kama kusimama Kamembe ukiangalia Bukavu ng'ambo ya ziwa: unaona mlima wa rangi ya kutu, huoni bati moja lililopakwa bluu. Ukitaka kuliona bati hilo, lazima visanduku vipungue ukubwa. Lakini kisanduku kidogo kina sauti ndogo. Picha inajaa chenga kama televisheni isiyoshika kituo, na ili chenga zipungue mashine inabidi isikilize muda mrefu, na muda wote huo mgonjwa asitikisike hata kukohoa.

Dokta Cubaka alikuwa ameamuru visanduku vikubwa kwa wagonjwa wote. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaona watu wamesimama kwenye foleni tangu alfajiri, wengine na watoto mgongoni, na alijua kwamba mpaka haumngoji mtu. "Afadhali kila muntu apate picha ya kiasi," alikuwa akisema, "kuliko wachache wapate ya ajabu na wengine barudi nyumbani bila kitu."

Harufu haikuondoka. Na alama zikazidi. Hazikutokea kwa kila mgonjwa. Mmoja leo, mwingine baada ya siku kadhaa, na kila mara mahali pengine: nyuma ya jicho, chini ya kisogo, juu ya utosi. Larissa alimpigia simu fundi aliyeileta mashine, naye akaikagua kwa mbali akasema ni nzima. Uchafu wa mashine hukaa mahali pamoja, fundi alisema. Hautembei.

Kisha wagonjwa wakaanza kusikia. Mwanamke mmoja mchuuzi wa Bukavu alitoka ndani ya tundu akiwa ameshika shingo yake, akauliza ni nani aliyekuwa akisema naye Kinyarwanda chini ya zile kelele. "Anasema *ndeba neza*," alinong'ona. "Anarudilia tu. *Ndeba neza, ndeba neza.*" Maana yake ni "niangalie vizuri". Mwanamke yule aliondoka na kiatu kimoja, cha pili akakiacha chini ya kitanda, na hakurudi kukichukua.

"Ni jini," Josiane alisema wakiwa wawili katika jiko la kliniki, akiangalia mlango. "Mashini ya kununua yenye ilisha kutumika, unajua ilitoka kwa nani? Inakuya na mwenyewe ndani."

"Usiseme mbele ya batu."

"Batu banajua, Larissa. Kule stendi banasema."

Alasiri moja mvua ilipokuwa ikipiga mabati na foleni imekwisha, Larissa alikuwa peke yake katika chumba kidogo cha kioo, akipanga picha za siku, na mashine ng'ambo ya kioo imetulia, tundu tupu, kitanda kitupu. Kengele ikalia. Ni kengele ya mpira ambao mgonjwa anapewa mkononi, aubonyeze akizidiwa. Mpira ulikuwa umelala juu ya kitanda, pale alipouacha. Aliutazama kupitia kioo, na akiwa anautazama akauona ukibonyea, taratibu, pande zote mbili, kama unavyobonyea ndani ya ngumi ya mtu aliyechoka, na kengele ikalia tena, ndefu, ikanyamaza, ikalia, na harufu ya tope ikapita chini ya mlango mzito na kumfikia miguuni mpaka akahisi unyevu wake kwenye nyayo ingawa sakafu ilikuwa kavu.

Mtu mwingine angekimbia. Larissa aliwaza kwamba akikimbia leo hataweza tena kuingia humo, na kazi nyingine hakuwa nayo. Akaingia, ameshika ukuta. Akauondoa mpira. Mahali pake akaweka chupa ya maji, ile ya kujaribia mashine, ambayo picha yake ni duara jeupe tu, halina kitu ndani. Akarudi kwenye kioo akapiga picha.

Katikati ya duara jeupe palikuwa na kisanduku kimoja cha kijivu.

Alipunguza ukubwa wa visanduku, akapiga tena. Kijivu kikagawanyika: huku giza, huku mwanga. Akapunguza tena, akaiacha mashine isikilize muda mrefu, ikigonga na kugonga huku mvua ikijibu juu ya bati, na picha ilipofunguka kwenye kioo cha kompyuta, safu baada ya safu kutoka juu, kwanza ukaonekana ukingo wa kitambaa kilichofungwa kichwani, kisha paji la uso, kisha macho yaliyofumbwa, pua, mdomo uliojaa kitu cheusi, uso wa mwanamke mzima mzima ndani ya chupa ya maji, mdogo kuliko kucha. Na Larissa alipobonyeza kwenda kwenye tabaka lililofuata, uso ukawa ule ule ila macho yalikuwa wazi, na yalikuwa yakimwangalia yeye.

Alizima mashine akaenda kuketi mapokezi, karibu na Josiane.

Wiki hiyo hiyo alikuja mwanamume mmoja mwenye vumbi la saruji kwenye nywele na nyusi. Aliitwa Uwayezu, fundi wa kiwanda huko Bugarama. Alikuwa na bahasha ya picha ya kliniki, imekunjwakunjwa. Hakutaka kumwona Dokta. Alimtaka aliyepiga picha.

"Bibi yangu, mama wa batoto bangu, alikuya hapa kipindi cha jua," alisema. "Mukamana. Kichwa kilikuwa kinamuuma, mukono unamukufa ganzi. Bakatuambia haiko kitu. Akarudi kwenye mupunga. Alianguka mule ndani ya maji, uso chini. Balimutosha inje ya maji na pumzi kidogo, bakamupeleka Kigali. Kule bakapiga picha ingine, bakaona uvimbe. Alikufa kabla ya kupasuliwa."

"Pole sana, Papa."

"Sikukuya kugombana. Nataka tu kujua. Uvimbe ulikuwa humo wakati mulimupiga picha?"

Larissa aliichukua bahasha. Ndani mlikuwa na picha mbili, ya kliniki na ya Kigali. Alitafuta kwa muda mrefu. Mahali ambapo Kigali waliuona uvimbe, picha ya Kamembe ilionyesha kijivu kisicho na tofauti yoyote na jirani zake.

"Ulikuwa humo," alisema. "Lakini ulikuwa mudogo kuliko kisanduku. Kikiwa kidogo kuliko kisanduku, kinachanganyika na vingine. Hakionekani."

"Na za Kigali?"

"Visanduku vyao ni vidogo."

Uwayezu alifikiri. "Na nyiye hapa, hamuwezi kufanya vidogo?"

"Tunaweza."

Nje mapikipiki yalikuwa yakiita abiria.

"Kwa hiyo hamukuangalia bibi yangu," alisema mwishowe, bila hasira, kama mtu anayesoma maandishi yaliyoandikwa vibaya. "Muliangalia masanduku."

Akatoa simu ili amwonyeshe marehemu alivyokuwa. Larissa hakuhitaji kuangalia, lakini aliangalia. Kilikuwa kitambaa kile kile, na uso ule ule.

Alikwenda kwa Dokta siku hiyo hiyo akamweleza kila kitu, harufu, kengele, chupa. Dokta Cubaka alimsikiliza akiwa amevua miwani.

"Tupunguze visanduku," Larissa alisema. "Ile njo kitu anaomba, Dokta: kuangaliwa vizuri."

"Tukipunguza, nusu ya batu ya kwenye foleni hawatapigwa picha. Nani atakufa sasa, ile nusu?" Akavaa miwani yake. "Wewe umechoka. Na Josiane amechoka. Batu banaogopa, kesho hatutakuwa na mugonjwa hata mumoja. Itabidi tumutafute muntu wa dua, asafishe hapa."

Larissa hakumaanisha kukubali. Jumapili ndiyo iliyomvunja.

Walikuwa wametoka kanisani, mvua imenyesha, na Ushindi alikuwa amejilaza kwenye kiti kirefu sebuleni kwa sababu kichwa kilimgonga. Alisema ni magunia. Larissa alikuwa akipika. Alisikia harufu ya tope na kwanza hakushtuka, kwa maana nyumba yao ilikuwa na mchele kila pembe. Kisha akakumbuka kwamba mchele mkavu haunuki tope, akaacha mwiko ndani ya sufuria akaenda mpaka kwenye pazia la mlango, na pale, katika mwanga mweupe wa mchana baada ya mvua, na redio ya jirani ikiimba na kuku wakikwaruza nje, alimwona mwanamke amesimama nyuma ya kiti, maji yakimtiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa, tope limempanda mpaka kwenye viwiko, ameinama juu ya mume wake kama mama anayeinama juu ya mtoto mwenye homa, na kidole chake kimoja kimekandamiza kichwa cha Ushindi, upande wa kushoto juu ya sikio, kimekandamiza na kukandamiza, huku akimwangalia Larissa na midomo yake ikitembea bila sauti.

Larissa alimrushia kitu alichokuwa nacho mkononi, kifuniko cha sufuria. Kiligonga ukuta. Ushindi akaamka.

"Ni nini, maman?"

"Hakuna. Lala."

Kwenye mto, upande wa kushoto wa kichwa chake, palikuwa na doa la tope bichi.

Kesho yake alimwambia Dokta: mwite huyo mtu wako.

Aliyeitwa alikuwa Mukansanga, mwanamke Mwislamu wa Bugarama, mfupi, mwenye sauti ya upole, aliyesifika bondeni kote kwa kuwatoa majini waliokaidi waganga wengine. Alikuja alasiri kliniki imefungwa. Larissa alimvua bangili na pini zote kwa sababu ya sumaku, na ubani ukafukizwa katika chetezo cha udongo. Mukansanga alisoma dua kwa muda mrefu, akimwagia kitanda maji kidogo kidogo. Kisha akaingiza kichwa ndani ya tundu akazungumza Kinyarwanda, polepole, akinyamaza kama anayesubiri jibu. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii si jini," alisema. "Jini inakuya na kiburi, inaomba damu, inaomba manukato. Huyu ni muntu. Hana ubaya. Anasema bamuangalie vizuri, na kuko kitu anataka kuonyesha, lakini neno limemukaba, mudomo umejaa matope."

"Kuonyesha nini?" Dokta aliuliza.

"Hakuniambia. Mukitaka kujua, mumupe kile anaomba, mungoje. Atasema kwa njia yake." Akakunja kanga yake. "Hamutaki, nitamutosha humu, aende. Kutosha ni rahisi. Lakini akienda, ameenda. Na ule mwenye alimulalisha humu kwa mikono yake njo atasema neno la kumufukuza."

Dokta Cubaka alimwangalia Larissa. Hakumlazimisha. Angekuwa amemlazimisha, baadaye ingekuwa nafuu.

Larissa aliinama mbele ya tundu. Ndani mlikuwa giza, na kutoka katika giza hilo pumzi ya vuguvugu ilimpiga usoni. Aliwaza kidole kile kilivyokandamiza kichwa cha mume wake aliyelala.

"Mukamana," alisema. "Toka hapa. Uende kabisa. Usiguse tena batu bangu."

Kengele ililia mara moja, fupi, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Halafu hewa ikatoka ndani ya tundu kwa mkupuo ikapita kati yao watatu, ikazima makaa ya chetezo. Mukansanga alikataa chai. Mlangoni alisema tu, "Alikuwa analia."

Baada ya hapo kukawa na amani. Picha zilitoka safi, hakuna mraba wa kijivu popote. Josiane akaacha kuvaa rozari kazini. Foleni ikarudi, ikawa ndefu kuliko mwanzo, kwa maana habari za dua zilifika hata Bukavu na watu wakasema sasa mashine imebarikiwa. Larissa alilala usingizi wake wote.

Ndipo akaja Umutoni, binti wa mwalimu Niyitegeka. Alikuwa amekuja kuchukua picha za zamani za baba yake.

"Madaktari ya Kigali banaziomba," alisema. "Nilimupeleka kule kwa sababu kichwa hakikuacha. Baliona kavimbe kadogo sana, kama punje ya muhindi. Balipasua, bakakatosha. Papa anatembea, anasoma gazeti."

Larissa aliweka kalamu chini. "Kalikuwa wapi?"

Umutoni aligusa kichwa chake mwenyewe, upande wa kulia juu ya sikio.

Alipoondoka, Larissa alifungua picha za wote waliowahi kuwa na alama. Yule mchuuzi wa kiatu kimoja, alama nyuma ya jicho: alipiga simu Bukavu, dada yake akapokea, akasema jicho limekwisha kupofuka na sasa wako hospitalini. Mzee wa Rwimbogo, alama chini ya kisogo: mwanawe alijibu kwamba walimzika. Larissa hakupiga simu nyingine. Mukamana hakuwa amecheza na wagonjwa. Kila alipoona ndani ya mtu kile kilichomuua yeye, kidogo, kimemezwa na kisanduku, alilala kando ya mtu huyo na kukipaka rangi ili wengine nao wakione. Na wao wakaandika: haiko kitu.

Kisha akakumbuka Jumapili, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka juu ya sikio la kushoto.

Ushindi alicheka aliposikia lakini alikwenda, kwa kumpendeza mke wake. Dokta Cubaka hakubisha. Kwanza ikapigwa picha ya kawaida: safi. Larissa akaomba visanduku vidogo, Dokta akakubali, na mashine ikagonga kwa muda mrefu huku Larissa amesimama kwenye kioo akiomba mume wake asitikisike. Ushindi alikuwa na mafua. Alijizuia sana, lakini katikati akakohoa, mara moja na tena. Picha ikatoka imejaa chenga, na ndani ya chenga hizo mtu angeweza kuona chochote na asione kitu.

Dokta aliisogelea, akaitazama kwa uaminifu kabisa. "Sioni kitu, Larissa. Nakuapia."

Dokta na Ushindi walipotoka, Larissa alibaki. Aliingia katika chumba cha mashine akafunga mlango mzito nyuma yake. Akapiga magoti pale pale alipoinama siku ya dua.

"Mama Mukamana," alisema ndani ya tundu. "Rudi. Nilikosea. Uniwekee alama moja tu."

Alingoja. Akauchukua mpira wa kengele akauweka juu ya kitanda, akautazama mpaka macho yakamwasha. Mpira haukubonyea. Alikwenda hata kwa Mukansanga, Bugarama, akamkuta anaanika mchele. Mukansanga hakuinua kichwa. "Nilikuambia, akienda ameenda. Njia ya kumurudisha hakuna muntu alinifundisha."

Alimsihi Ushindi waende Kigali. Ushindi alisema watakwenda msimu ukiisha, mpunga wa mavuno ulikuwa mwingi na wateja wa Bukavu walikuwa wakingoja; na zaidi, si Dokta wa Larissa mwenyewe aliyeandika haiko kitu? Alimsihi tena. Wakagombana, wao ambao hawakuwa watu wa kugombana. Asubuhi moja Larissa alimwona akinywa uji kwa mkono wa kushoto.

"Kwa nini unatumia ule mukono?"

"Huu mwingine umelala tu," Ushindi alisema. "Utaamuka."

Siku hiyo hiyo walipanda gari la Kigali. Huko daktari kijana aliwaonyesha picha kwenye kioo, na Larissa, ambaye ndiyo kazi yake, hakuhitaji kuonyeshwa. Jivimbe lilikuwa upande wa kushoto, juu ya sikio, jeupe, limesukuma kila kitu pembeni. Daktari alisema kwa upole kwamba lingekuwa bado dogo wangelitoa, na akaanza kueleza jinsi mashine yao inavyoweza kuona vitu vidogo sana, visanduku vyake ni vidogo kuliko vya mashine nyingi.

"Najua," Larissa alisema.

Alikuwa akilitazama tu. Kwa hili hawakuhitaji visanduku vidogo tena. Lilikuwa limekua vya kutosha kuonekana hata Kamembe.